Mke Mwenza wa Mbao na Chuma

Asubuhi Mama alikuwa anamuuliza Baba, "Mke mwenzangu ameamkaje?" na Baba, bila kucheka, anajibu, "Ameamka vizuri, ila beringi moja inalia." Basi tangu mdogo nilijua kwamba kwetu kuna wanawake wawili, mmoja anapika na mwingine anatingishika.

Huyo wa pili ni mashine ya kusafisha mbegu. Iko ndani ya ghala la chama cha wakulima, na nyumba yetu imeegemea ukuta wa ghala hilo, kiasi kwamba ikiwashwa vikombe vyetu kabatini vinacheza. Ni ya zamani kuliko Baba. Fremu yake ni ya mbao, rangi ya kijani imebaki kwenye pembe tu. Juu kuna sanduku tunaloliita kinywa. Humo ndimo mbegu zinamiminwa. Zinashuka kwenye chekeche la kwanza, linalozuia mabua na vijiti. Zinashuka tena kwenye la pili, linaloachia mchanga na punje zilizovunjika zidondoke. Halafu zinapita mbele ya feni, na feni inapuliza makapi yatokee dirishani nyuma. Kinachobaki ndicho mtu anakwenda kupanda. Ukieleza ni rahisi hivyo. Ukiiendesha, Baba alisema, ni kama kumlisha mtoto mwenye kiburi: ukimpa kingi anatema, ukimpa kidogo analia.

Watu walimwita Baba Bwana Upepo. Alikuwa anaweka kiganja cha kushoto kwenye fremu, anafumba macho, na anajua msumari gani umelegea. Mara nyingine alisimama hivyo muda mrefu mpaka wakulima wanagongana viwiko wakicheka. "Mwacheni," Mama alikuwa akisema, "anapima mapigo ya moyo. Sijui ni ya nani."

Baba alikuwa na wivu na mashine ile. Sisemi hivyo kumtania, ni wivu kabisa, ule wa kumfanya mtu anune. Mkulima akiegemea fremu kupumzika, Baba anamsogezea kiti bila neno. Mtoto akigusa mkanda, anafukuzwa kama kuku. Na kulikuwa na ile kabari. Ni kipande cha mti mgumu, kirefu kama kidole cha kati, kina mapengo yaliyochongwa kwa kisu: pengo la mtama, pengo la choroko, pengo la maharage, na mengine ambayo Baba peke yake aliyajua. Ukiiingiza chini ya mlango wa upepo, ule ubao unaoongeza au kupunguza nguvu ya feni, mlango unasimama palepale unapotakiwa. Bila kabari hujui ufungue kiasi gani. Kila jioni Baba aliichomoa, akaitia mfuko wa shati, akarudi nayo nyumbani. Wanaume wengine wanarudi na funguo. Yeye alirudi na kijiti, na akivua shati anakihamishia chini ya mto.

"Akiolewa na mwingine usiku je?" Mama alimuuliza siku moja.

"Ndiyo maana nakuja nayo."

Siku niliyozaliwa, Baba alikuwa amelala chini ya mashine anabadilisha beringi. Walipokwenda kumwambia ni msichana, alisema, "Vizuri. Hebu nipeni hiyo spana." Mama hajaisamehe ile spana mpaka leo. Mgeni akija anahadithiwa.

Mimi na Mama tulikuwa tunashona magunia humohumo ghalani, kwenye mkeka karibu na mlango. Shule niliiacha mapema, basi mkono wangu ulizoea shazia, ile sindano nene ya magunia, kuliko kalamu. Mama alikaa ameipa mashine mgongo. "Mke mwenza hatazamwi usoni," alisema. Lakini mimi nilikuwa naona kitu ambacho nadhani hata yeye mwenyewe hakukijua. Mguu wake wa kulia ulikuwa unacheza kufuata mwendo wa mashine, taratibu, kidole gumba juu chini. Na mashine ikianza kuharibika, mguu ulisimama kwanza. Ulisimama kabla Baba hajainua kichwa.

Sasa, Baba aliumia karibu na msimu wa kupanda. Asubuhi ile aliuvua mkanda wa feni, kwa sababu ulikuwa umechanika pale ulipounganishwa na alitaka kuushona upya. Aliuweka chini. Kabla ya kuanza kushona akapanda ngazi kufuta kinywa. Wakati wa kushuka akakanyaga choroko zilizomwagika sakafuni. Choroko ni za mviringo, na sakafu ya ghala ni simenti. Alianguka kwa mkono wa kulia, nikasikia mlio ambao sitaki kuueleza.

Kutoka hospitali alirudi na plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, mkono umening'inizwa kwa mtandio wa Mama. Watu walipompa pole alisema, "Mashine haina kosa. Ni choroko." Aliogopa wasije wakaisema vibaya.

Mwenyekiti wa chama alikuja siku hiyohiyo. Ni mtu mnene anayekaa nusu kiti, kama anayetaka kuondoka muda wote.

"Pole sana, Bwana Upepo. Lakini si unaona, mbegu za watu zimejaa ghalani."

"Zingoje."

"Zenyewe zitangoja. Mvua je?"

Baba akautengeneza mtandio shingoni.

"Nimepata fundi," Mwenyekiti akasema, huku anatazama mlango. "Anatoka mji wa pili. Ni mtu wa mashine za kukoboa."

"Za kukoboa!" Baba alisema, kama mtu aliyeambiwa mwanawe atatibiwa na muuza nyama.

"Ni kwa muda tu, mpaka upone. Sasa naomba ile kabari yako."

"Imepotea nilipoanguka."

Mama alikuwa anamimina chai. Birika likasimama hewani kidogo, kisha likaendelea. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa mkono wenye plasta, na ndani ya mtandio niliona kitu kimejichora, kirefu kama kidole cha kati.

Fundi alifika kesho yake. Kwa kweli ungependa kumchukia ungeshindwa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, shati limechomekewa, na alipiga miluzi akifanya kazi, kwa hiyo kufika saa ya chai watu wote walikuwa wanamwita Fundi Miluzi. Aliizunguka mashine, akaisifu. "Hizi mbao hazipatikani tena," alisema. Alipoambiwa kabari imepotea, aliokota kipande cha ubao wa sanduku lililovunjika, akachonga nyingine huku anamuuliza Mama habari za nyumbani. Halafu akaushona mkanda wa feni, mshono mzuri, wa kubana, na akauvisha kwenye puli.

Nilikwenda nyumbani kuchukua uzi. Baba alikuwa amesogeza kiti hadi ukutani.

"Amefanya nini?"

"Amechonga kabari nyingine, Baba."

"Kwa muda gani?"

"Chai ya Mama haijapoa."

Alitazama plasta yake. Nadhani alitaka kusikia kwamba mtu amehangaika siku nzima akatoka damu vidoleni. Uso ulimshuka, nikajuta kusema ukweli.

Hapohapo mashine ikawashwa. Vikombe vikacheza kabatini. Baba akaweka sikio ukutani, akafumba macho kama alivyokuwa akifumba akiwa ghalani, na nikamwona anatabasamu. Tangu aumie hakuwa ametabasamu.

"Kuna nini, Baba?"

"Hakuna kitu. Nenda ukashone."

Nilirudi nikakaa kwenye mkeka. Mashine ilikuwa inatingishika vizuri, machekeche yanakwenda, mbegu zinashuka, feni inazunguka. Nikautazama mguu wa Mama. Ulikuwa umetulia kama umekatwa.

Alianza mkulima mmoja, mama wa shamba la mtoni ambaye hana dogo. Alipopewa gunia lake aliingiza mkono, akatoa choroko kiganjani, akazipuliza. Makapi yakamrukia Fundi usoni.

"Hizi mmezisafisha," akauliza, "au mmezitembeza tu?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akajifuta, akaufungua mlango wa upepo zaidi. Bado makapi. Akaufungua mpaka mwisho, kabari haina kazi tena. Ukiweka mkono dirishani nyuma, upepo ulikuwepo, lakini ulikuwa upepo wa mtu anayepuliza chai bila kukaza midomo. Akafungua kifuniko cha feni, akasafisha mapanga, akatia grisi. Hakuna kilichobadilika. Alipiga miluzi kidogokidogo, halafu akaacha kabisa.

Katikati ya hayo yote alisema neno fulani kuhusu mke wake na jiko lisilovuta moshi, na Mama akacheka. Si sana. Lakini kicheko cha Mama kinapita ukuta. Niliporudi nyumbani kuchota maji ya kunywa, Baba alikuwa amesimama.

"Kwani kwenye choroko kuna nini cha kuchekesha?"

"Alikuwa anasimulia habari za jiko, Baba."

"Jiko! Ameitwa kutengeneza jiko?" Akakaa. "Mama yako mimi sijamsikia akicheka ghalani hata siku moja."

Nilitaka kusema kwamba wakati mashine inakwenda hakuna aliyewahi kumchekesha, lakini nikanywa maji yangu.

Jioni Mwenyekiti aliwaita watu nje ya ghala. Alisema amevumilia sana mashine hii ya mababu. Kama kesho adhuhuri haijasafisha sawasawa, chama kitakodi mashine ya kisasa inayotembezwa kwa gari, na hii itachukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu, ambao bahati nzuri wako njiani. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. "Nimejaribu ninachokijua," alisema.

Mama hakuleta habari hiyo mezani mara moja. Aliweka chakula, akamkatia Baba vipande vidogo kwa sababu ya ule mkono, akamwacha ale. Ndipo akasema.

"Kesho mchana wanaikata."

"Wanakata nini?"

"Mke mwenzangu."

Kijiko cha Baba kikasimama.

"Wataikatakata kwa moto, waipakie. Mbao watachukua watu wa kuni." Mama alisema polepole, kama anayehesabu vyombo. "Na wewe unajua kilichoiharibu. Umejua tangu ilipowashwa."

"Mimi niko huku. Nitajuaje ya huko?"

"Usinichezee. Umekaa na sikio ukutani kutwa nzima, umebaki na alama ya chokaa shavuni."

Baba akajipangusa shavu. Ni kweli ilikuwepo.

"Muulize fundi wako," akasema.

"Fundi wangu?"

"Si ndiye anayekuchekesha."

Nilidhani Mama atakasirika. Badala yake alimtazama Baba kwa muda, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekuta nguo yake mwilini mwa mwingine.

"Kumbe hata wewe wivu unakuuma," alisema. "Miaka yote hii nilidhani ni mimi peke yangu ninayeujua. Nimeamka nao, nimelala nao, kijiti kikiwa chini ya mto katikati yetu. Leo siku moja tu umeuonja, unataka mashine ife?"

"Afadhali ife kuliko..." Baba akaanza, akashindwa kumaliza.

"Kuliko nini?"

Mama akakusanya sahani. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Sema wewe, au nitasema mimi."

"Wewe utasema nini? Umeipa mgongo maisha yako yote."

"Mgongo una masikio," Mama akasema, akatoka.

Asubuhi Baba hakusema. Alikaa kwenye kiti chake ukutani, mtandio shingoni. Mama alimsubiri, nakumbuka alifunga kilemba mara mbili bila sababu, akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. Kisha akanishika mkono tukaenda.

Fundi alikuwa tayari yuko pale, macho mekundu. Mwenyekiti alikuwa nje upande wa dirisha la makapi, anaongea na watu wawili wenye mizani kubwa. Mama alipita mkeka wetu bila kukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine. Nilimwona anaitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Fundi, samahani. Huo mkanda wa feni uuvue."

"Mkanda ni mzima, mama. Nimeushona mwenyewe."

"Umeushona vizuri sana. Lakini umeuvisha ukiwa umenyooka. Uupinde ukatize katikati, kama nambari nane iliyolala."

Fundi akaangalia puli, akaangalia mota. Mama akaendelea, sasa anasema harakaharaka. Zamani mashine ilikuwa inavutwa na injini ya mafuta. Injini ilipokufa chama kikaleta mota ya umeme, na mota ile inazunguka upande mwingine, na waya zake hakuna aliyethubutu kuzigusa. Baba ndiye aliyeukatiza mkanda siku ileile, ili feni irudi kuzunguka upande wake. Bila hivyo feni inapuliza kinyumenyume, upepo upo lakini hauna nguvu. Wakati huo Mama alikuwa na mimba yangu, amekaa mlangoni anashona.

Fundi akajipiga paji la uso. "Nilikuta mkanda uko sakafuni! Nani angejua?" Akacheka, safari hii kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Mama, kumbe ulijua tangu jana?"

"Nilikuwa nangoja mwenyewe aseme."

Wakaukatiza. Mama akamimina choroko kinywani, Fundi akabonyeza swichi.

Upepo ukaja. Ule wa kweli, unaovuta pumzi yako ukisimama karibu. Ila katika furaha hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba mlango wa upepo ulikuwa wazi mpaka mwisho tangu jana. Makapi yalitoka yote, na choroko nzima nzima nazo zikatoka nyuma yake. Tukasikia zinapiga mabati ya kibanda cha nje kama mvua ya mawe, na Mwenyekiti anapiga kelele, "Jamani! Jicho langu!"

Fundi akarukia mlango wa upepo. Akaubana, makapi yakabaki kwenye mbegu. Akaulegeza, choroko zikaruka tena. Kabari yake mpya haikuwa na pengo hata moja.

Ndipo Baba akaingia. Alikuwa hana viatu. Nadhani alizisikia choroko kwenye mabati, na hilo lilimshinda. Alisimama mlangoni, akaona watu, akamwona Fundi ameng'ang'ania mlango wa upepo, halafu akamwona Mama. Mama alikuwa ameweka kiganja cha kushoto kwenye fremu. Macho ameyafumba.

Sijawahi kuona mtu anapigwa bila kuguswa isipokuwa siku ile.

"Nani kakufundisha kusimama hivyo?" Baba akauliza. Ilibidi apaze sauti juu ya mashine.

"Wewe."

"Sijakufundisha."

"Ndiyo. Hujanifundisha."

Choroko zilikuwa bado zinaruka. Baba akaingiza mkono wa kushoto ndani ya mtandio, akaitoa kabari. Mwenyekiti, aliyekuwa ameingia ameshika jicho, akaiona, akafungua mdomo na kuufunga. Baba akaenda hadi kwenye mlango wa upepo. Lakini kazi ile ni ya mikono miwili, mmoja unainua mlango na wa pili unasukuma kabari, na yeye alikuwa nao mmoja. Alijaribu kuinua kwa bega. Plasta ikagonga ubao, akauma meno.

"Nipe, mzee, nikusaidie," Fundi akasema kwa upole, akanyoosha mkono.

Baba aliutazama mkono ule. Akaupita. Akampa Mama.

"Choroko ni pengo la pili," alisema. "La pili kutoka kwenye ncha nene. Na kabari usiisukume kwa hasira, ina umri."

"Najua ina umri," Mama akasema. "Imenizidi mimi."

Akainua, akasukuma. Mlio wa feni ukashuka, ukatulia. Mvua ya mabati ikakatika. Choroko zilianguka guniani safi, zinang'aa, na yule mama wa shamba la mtoni akaingiza mkono, akapuliza, hakikuruka kitu. "Haya," alisema, "sasa tunaongea." Watu wa mizani wakaondoka bila kuaga.

Fundi Miluzi alirudi mji wake siku ileile. Alimshika Baba mkono wa kushoto, akamwambia ana bahati. Baba akasema asante kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

Mkono ulipofunguliwa haukunyooka tena sawasawa. Kifundo hakipindi, spana haikamatiki. Chama kilimwandika Mama mwendeshaji, na Baba anatengeneza kwa mdomo, anaelekeza na Mama anafungua nati. Wanagombana chini ya mashine mpaka wakulima wanaleta viti wakae wasikilize. "Hiyo si spana yake!" "Ndiyo uliyoshika mwanangu alipozaliwa, naitambua!" Mapengo ya kabari amemtajia moja moja, kwa kuvutwa, kama anayeng'olewa meno. La ufuta bado hajalisema.

Mashine ikikwenda Baba anakaa nami kwenye mkeka, anashona magunia kwa mkono wa kushoto, mshono wake mbaya. Yeye haipi mgongo. Ameigeuzia uso, na anamtazama Mama akiweka kiganja pale kwenye fremu ambapo mbao zimelainika kwa kiganja chake yeye. Jioni Mama anachomoa kabari na kuifunga kwenye pindo la nguo. Asubuhi Baba ndiye anayeuliza, "Ameamkaje?"

"Ameamka salama."

"Ameniulizia?"

"Hajakutaja."

Na ananuna mpaka chai.

Juzi tulikuwa tunasafisha mtama. Nilikuwa nahesabu mishono, nikaona kidole gumba cha mguu wa Baba kinacheza juu chini, juu chini, kisha kikasimama. Shazia ikabaki imechomekwa guniani. Alivuta pumzi, akafungua mdomo kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye amepata cha kusema.

Mama hakugeuka. Mkono ulikuwa tayari kwenye swichi.

"Nimesikia, Bwana Upepo," alisema. "Ni beringi ya kushoto."

Baba akafunga mdomo, akavuta uzi kwa nguvu hadi ukakatika.

"Ya kulia," akaniambia mimi kwa kunong'ona. Lakini ilikuwa ya kushoto. Hata mimi niliisikia.